Nilimkatalia mhalifu wa katuni yetu kutubu kwa ukurasa mmoja, kisha baba mkubwa akatubu kwa sentensi tatu

"Mhalifu atubu kwa kurasa ngapi ndipo msomaji amwamini?"

Swali hilo niliulizwa na Mujuni, mchoraji wa katuni yetu, tukiwa nyuma ya stationery moja pale Bukoba mjini, mashine ya kutoa kopi ikiunguruma. Nina digrii. Nilisomea fasihi miaka mitatu. Nikaomba anipe mpaka kesho.

Wakuu, salaam zenu. Mimi humu huwa nasoma tu na kubishana nanyi kimoyomoyo. Leo nimeamua kuandika. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika wako hai na mmoja wao ana panga.

Tuanze na katuni.

Nilipomaliza chuo nilirudi Bukoba kusubiri ajira, na katika kusubiri nikakutana na Mujuni, ambaye naye alikuwa anasubiri. Tukaanzisha comic. Mimi naandika, yeye anachora. Kurasa kumi na sita kila toleo: karatasi nne zinakunjwa, zinapigwa pini katikati, na PDF inarushwa kwenye group la WhatsApp.

Shujaa wetu ni binti anaitwa Nyangoma. Ananusa ugonjwa wa migomba kabla jani halijabadilika rangi.

Villain anaitwa Mzee Unyanjano. Anapita kwenye vibanja vya watu na panga lake, na kila mgomba anaougusa unageuka njano na kufa.

Kwa msio wa Kagera: unyanjano ni ugonjwa wa kweli. Ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukikata ndani ni kahawia, na shina linatoa usaha wa njano. Ukiingia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba yenu na makaburi yenu ndani yake, unaondoka na kila kitu isipokuwa nyumba na makaburi.

Toleo la nne lilikuwa la mwisho. Mujuni akaniletea michoro.

Kurasa kumi na nne Mzee Unyanjano anaua vibanja. Ukurasa wa kumi na tano anapiga magoti. Chozi moja, kubwa kama yai la bata. Anasema, "Nilikosa upendo utotoni." Nyangoma anamkumbatia. Ukurasa wa kumi na sita wote wanakula ndizi kwenye sinia moja.

"Ndizi za wapi?" nikamuuliza.

"Alinda, usianze."

"Nauliza tu. Kata nzima haina mgomba hata mmoja, amemaliza yeye. Hilo sinia limetoka wapi?"

"Watu kwenye group wanataka amani."

"Na waliofiwa na vibanja wanataka nini?"

"Hao hawapo kwenye group."

Wakuu, hizi redemption arc, za mhalifu kugeuka mwema, zimenichosha muda mrefu. Nimekua nikisoma comic za kuazima, zilizochanika majalada, na ugonjwa wao ni ule ule. Mhalifu anafuta mji mzima. Toleo linalofuata tunaambiwa mama yake alikufa akiwa mdogo. Basi, yameisha. Toleo la tatu ameketi meza moja na mashujaa, anatania watu. Wale wa mji uliofutwa hakuna aliyewauliza kama wamesamehe, na hawawezi kuulizwa, maana wamefutwa.

Au anaokoa mtoto mmoja kwenye moto halafu anakufa. Mwandishi mvivu anaipenda sana hii. Jamaa akishakufa, hakuna anayelazimika kuishi naye jirani.

Kuna na ile ya jiwe. Kumbe miaka yote alikuwa anatawaliwa na jiwe! Jiwe linapasuka, jamaa anapepesa macho, anauliza, "Niko wapi?" Uko kwenye makaburi uliyoyajaza, kaka.

Nikamwambia Mujuni yote hayo, na mengine. Akanisikiliza akiwa amebeba karatasi zake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kwenye upepo. Nilipomaliza ndipo akauliza lile swali la kurasa ngapi. Nikamwambia nitampa jibu kesho.

Sasa niwaambie Mzee Unyanjano alitoka wapi, maana sikumtunga.

Kwetu ni Muleba. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, mimi mtoto pekee. Kaka yake, humu nitamwita Ta Rwiza (Ta ni neno letu la heshima kwa mwanamume mzima), akawa anamsaidia mama kazi za kibanja: kupunguza majani, kukata mikungu, kuondoa maua dume. Kibanja chake na chetu vinapakana, katikati kuna mstari wa miti tu.

Bwana shamba alikuja kijijini kufundisha namna ya kuzuia unyanjano. Panga lichomwe moto kabla ya kuhama shina moja kwenda jingine. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisiguswe na chuma. Ta Rwiza akasimama katikati ya mkutano.

"Panga aliloniachia baba yangu nilichome moto," akasema, "limemuua nani?"

Watu wakacheka. Bwana shamba naye akacheka, ili asionekane mgeni.

Mwaka ule ule kibanja chetu kikageuka njano. Kufikia Krismasi mama alikuwa ananunua ndizi sokoni. Mhaya mwenye kibanja kununua ndizi sokoni, wasio wa kwetu chukulieni ni kama padri kuazima rozari.

Hakuna aliyehitaji uchunguzi. Panga ni moja, halikuchomwa, na mkono ni wake. Shangazi, dada yao mkubwa, ndiye aliyetamka. Ukoo ukakubali. Mama akanyamaza. Ta Rwiza hakusema ndiyo wala hapana, aliacha tu kuja kwetu. Miaka sita nyumba mbili zinazosikilizana redio hazikusalimiana.

Kwa hiyo nilipompata Mujuni na kalamu zake, nikamwandika. Kofia yake ya pama. Koti lake la mvua analovaa hata jua likiwaka. Anavyosimama, mguu mmoja mbele kama anayetaka kupigwa picha. Nikaongeza tumbo, kwa ajili ya sanaa.

Toleo la kwanza likafika kijijini kwenye simu ya mtu. Haikuchukua wiki mbili, baba mkubwa akipita gengeni wanamwita Mzee Unyanjano. Nikaletewa habari hiyo Bukoba.

Sitawadanganya, wakuu. Nilifurahi. Nilijiambia hii ndiyo kazi ya sanaa katika jamii.

Wiki ile ile ya ugomvi wa chozi, mama akapiga simu.

"Jumamosi uje. Baba yako mkubwa anakuja kwetu."

"Kufanya nini?"

"Kuomba yaishe."

"Baada ya miaka sita? Nani kamsukuma?"

"Alinda, uje. Na uvae sketi."

Hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo penye uzito. Mama alikuwa anataka kupanda upya. Bwana shamba alishamwambia asijisumbue, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka, na upande wa Ta Rwiza kulikuwa na mashina yenye unyanjano ambayo hayajang'olewa. Akipanda, migomba itakufa tena.

Na kulikuwa na kikao cha ukoo kinakuja. Kibanja kwetu ni cha ukoo. Mjane anakishikilia kwa ajili ya watoto wa marehemu. Baadhi ya wazee walishaanza kusema kibanja kilicholala kipara mikononi mwa mwanamke apewe mwanamume akifufue. Kwa maneno mepesi: mgomba usiposimama, mama anaondoka. Mimi nilikuwa nayajua yote hayo siku ile. Nisije nikajitetea hapa kwamba sikuyajua.

Jumamosi nikapita Kemondo, nikafika nyumbani saa nne asubuhi. Sebuleni mama, Shangazi kwenye kiti kikubwa, na Ta Rwiza kwenye kigoda karibu na mlango, koti la mvua limefungwa vifungo vyote. Mbele yake kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

Kahawa hiyo ni buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, kisha zikakaushwa. Mgeni yeyote hupewa. Lakini katika ukoo wetu ndiyo inayofunga ugomvi pia. Mkosaji anaileta, na kila mtu wa nyumba iliyokosewa anapokea kwa mikono miwili na kutafuna. Mmoja akiacha, jambo halijafungwa.

Ta Rwiza akasimama.

"Nimekuja," akasema. "Panga langu liliharibu nyumba hii. Naomba yaishe."

Akakaa.

Nilisubiri. Nikadhani anapumua. Kumbe amemaliza. Sentensi tatu, maneno manane. Hata Mujuni alichora chozi!

Shangazi akachukua buni, akatafuna. Mama akachukua haraka, macho chini. Kikapu kikafika kwangu.

"Samahani, Ta," nikasema. "Liliharibu vipi?"

"Alinda!" Shangazi.

"Nauliza tu, Shangazi. Alijua kuwa halijachomwa? Lilikuwa limetoka kwenye shamba la nani kabla ya kuja kwetu? Alipoona jani la kwanza limegeuka, alifanya nini? Mtu hawezi kutubu kwa muhtasari."

"Waitu!" Shangazi akapiga paja. "Tulimpeleka huyu shule asome, sasa amerudi kusahihisha toba za watu. Mpe na kalamu nyekundu."

Ta Rwiza alimtazama mama. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe si ndiye mwandishi?" akasema. "Niandikie. Nitasoma."

Nikakipakata kikapu.

"Kile kitabu chako nimekiona," akaendelea. "Umenichora na tumbo."

"Ta, ule ni mchoro tu..."

"Mimi sina tumbo."

Akasimama, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akageuka ubavu kama mtu anayepimwa suti.

"Liko wapi?"

Kweli, wakuu, halikuwepo. Shangazi alicheka mpaka akapaliwa na buni, ikabidi nimpige mgongoni. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Mtu mwingine angeyamaliza pale pale, kwa kicheko. Mimi nikakirudisha kikapu mezani.

"Nitatafuna nikiona visiki vya upande wako vimetoka," nikasema.

Mama akaniita jina langu la ubatizo, ambalo analitumia nikiwa nimemuaibisha tu. Shangazi akasema katika maisha yake yote hajawahi kuona buni inawekewa masharti, na kwamba mume atakayenioa atahitaji wakili. Nilijua ninachoweka rehani: kikao cha ukoo kikikaa kabla sijatafuna, mama anakaa mbele ya wazee na ugomvi usiofungwa na shamba tupu. Lakini nilikuwa na msimamo wangu, na msimamo mtu akiwa na miaka ishirini na tano ni kitu kitamu sana.

Ta Rwiza akafunga koti lake.

"Jumatatu," akasema. "Uje na jembe."

Jumatatu nikaenda. Nilitegemea nitasimama kusimamia. Akanionyesha shina la kwanza na kuniachia.

Wakuu, kisiki cha mgomba kina mizizi yenye hasira. Unachimba kukizunguka, unakikata vipande, unavirundika vikauke, usiache hata kijichipukizi. Alianza na yale yenye ugonjwa. Kisha akaingia kwenye yaliyosimama mazima, yenye majani ya kijani kabisa, yote yanayofuatana na mpaka wetu, hatua kumi ndani ya shamba lake. Kulikuwa na shina la ndizi za kupika lililopandwa na mama yake, bibi yangu. Alilizunguka mara moja, akalikata.

Na kila akimaliza shina, anasimama, anawasha majani makavu, analichoma panga mpaka chuma kinabadilika rangi. Ndipo anahama.

Siku ya pili nilishindwa kuvumilia.

"Ta, kwa nini hukufanya hivi tangu mwanzo?"

"Chimba," akasema.

Hayo ndiyo mahojiano yote niliyopata.

Siku ya nne mchana tukafika mwisho wa mpaka. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka na kufanya mengine. Nikamwambia, haya, naomba ile kahawa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa buni mbili. Alikuwa anazunguka nazo tangu Jumamosi. Nikapokea kwa mikono miwili, nikatafuna. Ilikuwa chungu na ina nyuzi za koti.

Kikao cha ukoo kilipokaa, Ta Rwiza alisimama na kurudia maneno yale yale manane, hakuongeza hata moja. Wazee wakasema jambo limefungwa, mjane aachwe apande. Ardhi ikapumzika muda ambao bwana shamba alitaka, kisha mama akapanda. Leo ukifika kwetu unalazimika kuinama kupita chini ya majani.

Mimi nikarudi Bukoba na jibu la Mujuni.

Toleo la nne nikaliandika upya. Hakuna chozi, hakuna utoto, hakuna jiwe. Mzee Unyanjano anachimba visiki. Kurasa kumi na mbili anachimba visiki. Anachoma panga, anahama, anachimba. Nyangoma hamkumbatii, ukurasa wa mwisho anampa jembe jingine kwa sababu la kwanza limevunjika mpini. Niliona hiyo ndiyo redemption arc ya kwanza ya kweli katika Ukanda wa Ziwa, labda na nje yake.

Group likasema hivi:

"Admin, ukurasa umejirudia."

"Nilidhani simu imeganda."

"Hii ni comic au ni kilimo?"

"Chozi liko wapi?"

Mujuni akanitumia ujumbe wa sauti, anacheka katikati: "Nilikuuliza kurasa ngapi. Sasa tunajua ni kumi na mbili, na hakuna msomaji atakayefika ya tatu." Tukafunga comic kwa heshima. Yeye sasa anachora mabango ya harusi, ambako watu wote wanatabasamu na hakuna aliyekosa.

Kwa muda mrefu somo langu lilikuwa hilo, na nililitoa kwa kila aliyekubali kunisikiliza na wengine ambao hawakukubali. Kwamba waandishi wa comic wanaharibu kwa sababu wanataka tumpende mhalifu kabla hajafanya kazi. Kwamba toba ionekane mikononi, mdomo ufuate au ubaki nyumbani. Kwamba msomaji makini asiogope kuuliza maswali mbele ya Shangazi.

Mengi ya hayo bado nayaamini. Villain wa jiwe bado ni takataka.

Haya, uwanja ni wenu. Leteni wahalifu wenu waliotubu kizembe, wa kwenye vitabu na wa kwenye ukoo. Wenye hoja nitawajibu, wenye matusi pia nitawajibu, nina muda. Kama kuna aliyewahi kumkatalia mtu msamaha kwa sababu ya ubora wa uandishi, naomba ajitokeze, nisibaki peke yangu.

Ila msinipe like kabla ya kusoma hiki kipande cha mwisho, ambacho nimekijua Desemba iliyopita tu.

Tulikuwa jikoni mimi na mama, tunamenya ndizi za kibanja chetu. Nilikuwa namsimulia tena habari ya panga, kwa madoido, kama ninavyowasimulia ninyi. Akaniambia ninyamaze kidogo. Kisha akasema, bila kuacha kumenya, kwamba ugonjwa uliingia kwa machipukizi matatu aliyoyatoa yeye mwenyewe kwa dada yake anayeishi kule Ngenge, wakati kuhamisha machipukizi kumeshakatazwa, akayapanda nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu. Hayo matatu ndiyo yaliyotangulia kugeuka njano. Ta Rwiza ndiye aliyeyakuta, akayang'oa na kuyafukia. Akamwambia kwamba ukoo ukijua ni mjane aliyeua kibanja, hatamaliza mwaka ndani yake.

"Wakisema ni panga langu," alimwambia, "wewe nyamaza."